Dume Mmoja na Kibandiko Chake: Jinsi Spishi ya Mteleza-maji Inavyotambuliwa

Mwaka 1758, katika toleo la kumi la Systema Naturae, Carl Linnaeus alimwandika mdudu mmoja wa madimbwi ya Ulaya kwa jina la Cimex lacustris. Cimex ndilo jina lile lile alilompa kunguni wa kitandani. Ukimtazama mteleza-maji, mwembamba, miguu imetanda, akikatiza dimbwi bila kulowa, utacheka kusikia kwamba aliwahi kuwekwa kundi moja na mnyonya damu wa magodoro. Hata hivyo Linnaeus hakuwa mbali na ukweli. Wote wawili wana mdomo wa kutoboa na kufyonza unaokunjwa chini ya kichwa, na mpaka leo wamo katika oda moja, Hemiptera. Ilipofika 1794, Fabricius aliwaundia hawa wa majini jenasi yao, Gerris, na ndiyo maana vitabu sasa huandika Gerris lacustris, jina la Linnaeus likifuata ndani ya mabano. Mabano hayo yana maana: aliyemtaja mdudu kwanza alimweka katika jenasi nyingine, na mwingine akaja akamhamisha.

Kuhamishwa huko ndiko kunakostahili kuchunguzwa. Mtu wa kawaida hudhani spishi hutambuliwa kama tunavyomtambua jirani, kwa sura. Kwa mteleza-maji sura ndiyo ya kwanza kudanganya. Maelezo ya spishi ni dai linalotolewa na mtu fulani, mwaka fulani, na thamani yake inategemea kama aliacha nyuma ushahidi ambao mwingine anaweza kuushika, kuupima na kuupinga.

Tuanze na lililo rahisi. Wanaotembea juu ya maji si familia moja. Katika dimbwi moja la Morogoro au Kisumu unaweza kukuta wa Hydrometridae, wembamba kama uzi, wenye kichwa kirefu kupita kiasi, wakitambaa polepole ukingoni. Wa Veliidae, wafupi na wanene kidogo, kwenye maji ya kando au ya mkondo. Na katikati, pale maji yalipo wazi, wa Gerridae, ambao ndio watelezaji hasa. Kwa kawaida paja la nyuma la Gerridae hupita ncha ya tumbo, na miguu ya kati imeota karibu zaidi na ya nyuma kuliko ya mbele. Miguu ya mbele, mifupi, ni ya kukamatia windo. Ya kati ni ya kupigia makasia. Ya nyuma ni usukani. Kucha hazikai nchani mwa mguu bali hutokeza kabla ya ncha, na hivyo hazitoboi ngozi ya maji.

Mengi yaliyompa mdudu huyu sifa duniani hayamsaidii mtambuzi. Mwaka 2003, Hu, Chan na Bush walionyesha katika jarida la Nature kwamba anajisukuma kwa kuzalisha vizingia vidogo chini ya uso wa maji, si kwa mawimbi peke yake. Mwaka uliofuata, Gao na Jiang walionyesha kwamba vinywele vya mguu vyenye mifereji midogo mno hunasa hewa, kiasi kwamba mguu mmoja unaweza kuhimili takriban mara 15 ya uzito wa mdudu mzima. Ni uvumbuzi mzuri, lakini sifa hizo ni za ukoo kwa jumla. Haziwezi kukuambia kama ulichoshika ni spishi hii au ile ya jenasi ya Limnogonus.

Sasa tuingie penye mtego. Wa kwanza ni mabawa. Ndani ya spishi moja wanaweza kuwapo wenye mabawa marefu, wenye mafupi na wasio nayo kabisa. Tofauti haiishii kwenye mabawa: mwenye kuruka anahitaji nafasi ya misuli, kwa hiyo kifua chake hupanuka, na ngao ya juu ya kifua hubadilika umbo na urefu. Ukiwaweka wawili hao kando kando bila kujua, utaapa kwamba ni spishi mbili. Mtego wa pili ni umri. Tunutu hupitia hatua tano kabla ya kukomaa, na tunutu wa hatua ya mwisho anafanana sana na mkomavu asiye na mabawa. Hapa kuna msaada mdogo lakini wa uhakika: mguu wa mkomavu huishia na pingili mbili, wa tunutu moja. Asiyehesabu pingili atapoteza jioni nzima akijaribu kumpa jina mtoto ambaye viungo vya kumtambulishia bado havijaota.

Wa tatu ni jinsia. Jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume, na dume hukaa mgongoni mwake kwa muda mrefu. Mpita njia huona mama aliyembeba mwanawe. Na wa nne ni rangi. Mng'ao wa fedha ubavuni hutokana na vinywele. Vikilowa au vikisuguliwa ndani ya chupa, mng'ao huisha. Manjano hugeuka kahawia mdudu akikauka. Mtambuzi mzoefu hutumia rangi kama dalili ya kuanzia tu.

Kinachobaki cha kutegemewa ni vipimo vya uwiano na viungo vya uzazi vya dume. Uwiano kwanza, kwa sababu hauhitaji kupasua. Katika jenasi ya Aquarius, pingili ya kwanza ya kipapasio ni ndefu kuliko ya pili na ya tatu zikijumlishwa. Katika Gerris sivyo. Kipimo kama hicho hakibadiliki kwa njaa wala kwa kukosa mabawa, na mtu mwenye lenzi nzuri na rula ya milimita anaweza kukifanya mezani pake.

Viungo vya uzazi vinataka subira zaidi. Ncha ya tumbo la dume hukatwa, ikapashwa moto taratibu katika mmumunyo wa hidroksaidi ya potasiamu mpaka nyama iyeyuke na ganda libaki, kisha ikawekwa ndani ya gliserini chini ya hadubini. Hapo huonekana vipande vigumu vidogo vilivyo ndani ya kiungo, na mpangilio wa vipande hivyo, vilivyopinda au kunyooka, vilivyo na uma au bila, mara nyingi ndio unaosema spishi gani. Lazima vichorwe. Picha ya kamera hukamata kina kimoja tu. Mchoraji huzungusha kitu, huelewa umbo lake, ndipo huandika mstari.

Kwa nini siri ikae huko? Jibu linatokana na mvutano wa dume na jike. Kupandwa kuna gharama kwa jike: anabeba mzigo, anaonekana na wawindaji, anapoteza muda wa kula. Kwa hiyo majike wa baadhi ya spishi wamepata miiba na maumbo ya tumbo yanayomnyima dume mshiko, na madume wamepata vibanio na ndoana za kuushinda upinzani huo. Mwaka 2002, Arnqvist na Rowe walilinganisha spishi kadhaa za Gerris na kuonyesha kwamba silaha za pande mbili hukua pamoja, hatua kwa hatua. Katika Rheumatobates rileyi wa Marekani Kaskazini mambo yamefika mbali zaidi: vipapasio vya dume vimegeuka kuwa vifaa vya kumkamatia jike kichwani, na utafiti wa Khila, Abouheif na Rowe wa 2012 uliitaja jeni inayohusika. Viungo vinavyoshindana hubadilika haraka kuliko mwili mwingine, kwa hiyo jamaa wawili wa karibu wanaweza kufanana kila mahali isipokuwa hapo.

Mazoea haya yana ubaya wake, na waandishi wa funguo za utambuzi hawausemi vya kutosha. Ufunguo unaoanza kwa kudai dume humwacha mwenye majike matupu bila jibu. Katika sampuli nyingi za mito, majike na tunutu huishia kuandikwa jina la jenasi na nukta mbele yake, spishi ikiachwa bila kutajwa. Orodha ya wadudu wa bonde fulani hujaa nukta hizo, kisha mtu akasoma orodha na kudhani bonde lina spishi chache.

Kuna pia sifa ambazo chupa ya spiriti haiwezi kuhifadhi. Mwaka 1972, Stimson Wilcox alieleza katika Journal of Comparative Physiology jinsi madume wa Rhagadotarsus wanavyopiga uso wa maji kwa mpangilio maalumu na kutuma viwimbi vinavyomwita jike. Afrika tunaye wa jenasi hiyo, Rhagadotarsus hutchinsoni, aliyetajwa na W. E. China mwaka 1931. Wadudu wenyewe, bila shaka, hutambuana kwa njia kama hizo kabla ya kufika kwenye vibanio. Sisi tunawatambua kwa maiti zao.

Mfano unaofundisha zaidi kuliko yote ni wa mdudu ambaye kila mtu alidhani anamjua. Mwaka 1832, Mmarekani Thomas Say alimtaja Gerris remigis, mkazi wa vijito, ambaye kwa kawaida hana mabawa. Huyu alikuja kuwa mmoja wa wateleza-maji waliochunguzwa zaidi duniani. Wanaikolojia walimtumia kuuliza kwa nini jike ni mkubwa kuliko dume, nani huchaguliwa na nani, wakazi wa kijito kimoja wanachanganyika kiasi gani na wa kijito cha pili. Mwaka 1990, Mdenmaki Nils Møller Andersen, aliyekuwa bingwa wa ukoo huu na mwandishi wa kitabu kikubwa cha 1982 kuhusu wadudu wa juu ya maji, alimhamishia katika jenasi ya Aquarius. Mpaka hapo ni jina tu lililobadilika, mdudu ni yule yule.

Mwaka 1996 ndipo Gallant na Fairbairn walipotoa habari iliyowashtua wengi: kusini mashariki mwa Marekani, waliokuwa wakiitwa remigis walikuwa spishi nyingine. Wakamwita Aquarius remigoides. Ushahidi ulitoka pande mbili, umbo la mwili na vimeng'enya, na pande hizo mbili ziliafikiana. Baadaye wakachunguza pia kinachotokea spishi hizo mbili zikikutanishwa. Kundi hilo lina pia Aquarius nyctalis, aliyetajwa mwaka 1925. Mahali pa jina moja, sasa pana zaidi ya moja.

Fikiria matokeo yake. Makala ya ikolojia iliyoandikwa miaka ya 1970 kuhusu "remigis" wa kusini mashariki ilimhusu nani? Kama mwandishi alihifadhi madume wachache kwenye makumbusho, swali hujibiwa kwa alasiri moja ya hadubini. Kama alihesabu, akapima, akawarudisha kijitoni, hakuna wa kujibu. Takwimu zake ni sahihi, lakini hatujui ni za nani. Na Say mwenyewe? Mkusanyiko wake wa wadudu uliharibika kwa sehemu kubwa baada ya kifo chake, ukaliwa na wadudu waharibifu wa makumbusho. Jina likabaki bila mwili. Sheria za majina zina dawa ya hali hiyo, nayo ni kuteua sampuli mpya ishike nafasi ya ile iliyopotea, lakini uteuzi wa namna hiyo ni uamuzi wa watu wa baadaye kuhusu alichokusudia marehemu.

Sheria hizo, zinazosimamiwa na Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ni kavu lakini zimejifunza kwa misiba ya aina hii. Jina lililotolewa tangu 1931 lazima liambatane na maelezo ya kumtofautisha mnyama na wengine. Tangu 2000, mwandishi lazima ateue waziwazi sampuli inayobeba jina, holotaipu, na aseme itahifadhiwa katika mkusanyiko gani. Tangu 2012, jina laweza kuchapishwa kwa njia ya kielektroniki pekee, mradi chapisho lenyewe limesajiliwa katika daftari rasmi la ZooBank. Kwa mteleza-maji, holotaipu karibu kila mara huwa dume, na pembeni yake huwekwa jike na wengine kadhaa. Sindano inayowabeba ina vibandiko: mahali, tarehe, mkusanyaji. Kibandiko kisichotaja mahali sawasawa humdhuru mdudu kuliko kuvunjika mguu.

Mjadala ulizuka kuhusu picha. Mwaka 2015, Marshall na Evenhuis walitoa jina kwa nzi wa Afrika Kusini kwa kutegemea picha tu, bila sampuli iliyohifadhiwa. Mwaka uliofuata mamia ya wataalamu walitia sahihi makala ya kupinga. Wanaotetea picha wana hoja: viumbe vinatoweka, vibali vya kukusanya ni shida, na simu yenye kamera iko kila mfuko. Kwa nzi mwenye madoa ya kipekee, labda. Kwa mteleza-maji nasimama na wapingaji bila kusitasita. Picha safi kabisa ya mdudu akiwa dimbwini haionyeshi pingili ya mguu, wala vipande vya ndani, wala kama mabawa mafupi ni ya kuzaliwa nayo. Picha inafaa kusema "familia hii, labda jenasi hii, iko hapa", na hiyo tayari ni habari ya maana kwa ramani. Isidai zaidi.

Vinasaba ni habari nyingine. Tangu Hebert na wenzake walipopendekeza mwaka 2003 kutumia kipande kifupi cha jeni ya mitokondria, herufi 650 hivi, kama alama ya spishi, tatizo la majike na tunutu limepata dawa: mguu mmoja wa tunutu hulinganishwa na mguu wa dume aliyetambuliwa, na kama vinafanana, mtoto amepata ukoo. Ila mpangilio wa herufi haujui jina. Lazima kwanza pawe na dume aliyetambuliwa kwa njia ya zamani ndipo maktaba ya vinasaba iwe na maana.

Bahari inaonyesha jinsi hata vinasaba vinavyohitaji uamuzi wa mtu. Halobates ndiyo jenasi pekee ya wadudu iliyofaulu kuishi bahari kuu. Ina spishi zaidi ya 40, nyingi zikiwa za pwani, kwenye mikoko na maji yaliyotulia. Tano tu ndizo zinazoishi na kufa bila kuona nchi kavu, zikitaga mayai kwenye manyoya ya ndege, magogo na siku hizi plastiki inayoelea. Hazina mabawa kabisa, kwa hiyo ule mtego wa kwanza haupo. Aliyeianzisha jenasi hii ni Johann Friedrich von Eschscholtz, daktari wa meli ya Rurik iliyozunguka dunia kati ya 1815 na 1818. Mwaka 1822 alitaja spishi tatu. Safari ya meli ya Challenger ya 1872 hadi 1876 ikaongeza nyingine, na mwaka 1961 Jon Herring akaipanga jenasi nzima upya. Andersen na wenzake walieleza hata kisukuku, Halobates ruffoi, kutoka miamba ya Italia yenye umri wa miaka milioni 45 hivi.

Mmoja wa wale watatu wa Eschscholtz, Halobates micans, mwenye mwili wa milimita nne na kitu, anapatikana Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 2000 Andersen, Lanna Cheng na wenzao walipolinganisha vinasaba vya mitokondria, walikuta makundi yanayofuata bahari. Mwingine angeweza kutangaza spishi tatu. Wao waliliacha jina moja, na nadhani walifanya vyema: tofauti ya herufi inasema makundi yametengana muda mrefu, haisemi kwamba yamekuwa wageni kwa wageni. Ili kusema hivyo ungetaka tofauti nyingine isimame upande wake, kama ilivyokuwa kwa remigoides.

Kwa upande wetu, mdudu wa kuanzia naye yuko karibu. Carl Eduard Adolph Gerstaecker, Mjerumani, alichapisha mwaka 1873 kitabu kuhusu wadudu na jamaa zao wa eneo la Zanzibar, kutokana na mikusanyo ya safari za Baron von der Decken, aliyeuawa Baardheere, kwenye mto Juba, mwaka 1865. Gerstaecker alitaja mteleza-maji mmoja ambaye leo anaitwa Limnogonus hypoleucus, mabano yakiwa yamelizunguka jina la mwandishi. Karne moja baadaye, mwaka 1975, Andersen aliipitia upya Limnogonus na jamaa yake Neogerris katika Dunia ya Kale, akitenganisha yaliyochanganywa na kuunganisha yaliyorudiwa. Kazi hiyo bado ndiyo mlango wa kuingilia kwa anayetaka kuwajua wateleza-maji wa madimbwi na mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki. Kwa jenasi za dunia nzima, ufunguo wa Hungerford na Matsuda wa 1960 bado unafunguliwa.

Sampuli za zamani za wadudu wetu zimelala zaidi Ulaya, na funguo zimeandikwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Hilo linamfanya kijana wa Tanga au Mombasa atamani kutafuta spishi mpya, yake, yenye jina jipya. Ningemshauri aanze kinyume. Aende mahali palipotajwa kwenye vitabu vya zamani, au karibu napo iwezekanavyo, akiwa na wavu wa kukamatia wadudu. Akusanye madume, majike waliokamatwa nao na tunutu wa hatua zote, kutoka dimbwi lile lile, siku ile ile. Wengine awaweke kwenye spiriti kali kwa ajili ya vinasaba, wengine kwenye sindano, na aandike pia maji yalikuwa ya namna gani, yamesimama au yanatiririka, yana kivuli au jua. Kwa mkusanyo huo jina la 1873 litapata dume anayeweza kupimwa nyumbani, jike wake hatakuwa tena nukta kwenye orodha, na atakayekuja baadaye na mdudu asiyefanana naye atakuwa na cha kumlinganisha kabla ya kutangaza lolote.